Fundi Aliyegeuza Uso

Fundi aliingia dukani Jumatatu saa nne asubuhi, akavua viatu mlangoni kama anayeingia nyumbani kwa watu. Mwajabu alikuwa anamhesabia mama mmoja vidonge vya presha, akamwashiria kwa mkono asubiri. Akasubiri. Hakuchezea simu, hakuegemea kabati la vioo, hakuuliza bei ya kitu asichokitaka. Alisimama kando na mkoba wake mweusi, kitambulisho kikining'inia shingoni, mpaka yule mama alipotoka.

"Shikamoo dada," alisema. "Naitwa Ridhiwani. Nimetumwa na watu wa mashine za kadi. Hela za ufuta zinaingia Ijumaa, na hizi mashine za zamani zote zinasumbua. Tunazibadilisha kabla watu hawajajazana."

Hilo la ufuta ndilo lililommaliza Mwajabu. Mnada ulikuwa umekwisha wiki iliyopita, na Kibiti nzima ilikuwa inaisubiri Ijumaa hiyo, kuanzia wauza mabati mpaka wauza vitumbua wa stendi. Mumewe, Huseni, alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la ushirika. Nyumba yao ilikuwa inaamka na ufuta na kulala na ufuta. Mtu aliyekuja kuhakikisha mashine haitakwama siku hiyo alikuwa mgeni wa kukaribishwa kwa mikono miwili.

Fundi alichomoa mashine ya zamani, akaifuta vumbi kwa kitambaa, akaitia mkobani. Akachomeka mpya. Ilikuwa nzuri, ina kioo chenye rangi.

"Una kadi yoyote ya karibu tuijaribu? Kadi isiyotambuliwa na mashine mpya, Ijumaa itakataa."

"Kadi?" Mwajabu alicheka. "Kadi ninazo za kijiji kizima."

Akainama chini ya kaunta, akatoa boksi kuukuu la glovu. Ndani mlikuwa na kadi za benki thelathini na moja, kila moja imebandikwa kipande cha plasta ya kidonda, na juu ya plasta jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino. Zilikuwa za watu wa Mbuchi, kule delta, wenye mashamba ya ufuta huku nchi kavu. Ushirika ulipoanza kulipa kwa benki, kila mkulima alipewa kadi. Nao waliziangalia kadi zile, wakaangalia nyumba zao zenye panya na wajukuu, wakaona mahali salama ni kwa dokta. Dokta ndiye aliyewapa dawa za sukari na presha kwa mwaka mzima, ndiye aliyewatolea hela zao akazituma kwa nahodha wa boti walipoagiza, na hajawahi kupunja mtu hata mia. Mwajabu hakuwa dokta. Alikuwa na cheti cha kuuza dawa muhimu, na leseni ukutani. Lakini walimwita hivyo, na yeye aliacha kuwasahihisha siku nyingi.

Fundi hakushangaa hata kidogo. "Basi tuzitambulishe zote dada, tukusaidie."

Kila kadi ilitaka namba ya siri. Na kila Mwajabu alipoinua kidole kubonyeza, fundi aligeuza uso akatazama barabarani, kwenye malori ya Lindi, mpaka mashine ilipolia. Mara thelathini na moja aligeuza uso. Mwajabu alikuwa ameshaona vijana wengi wa mjini wanaokodolea macho vidole vya watu, na huyu alimgusa moyo. Alipomaliza alimnunulia soda baridi. Fundi aliinywa amekaa, akasema alhamdulillahi, akavaa viatu vyake.

Adabu yote ile ilikuwa ya bure. Mashine ndiyo iliyokuwa inaangalia.

*

Jumatano asubuhi Nasra alipiga simu kutoka Ikwiriri. Naye alikuwa na duka la dawa, walisoma kozi pamoja.

"Mwajabu, fundi wa mashine kafika kwako?"

"Kafika juzi. Kijana mzuri kweli."

Nasra akaanza kulia, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti, cha pumzi tu. "Wamenikomba, shoga yangu. Kadi yangu na ya mume wangu. Jana jioni, Mbagala, mara nne mfululizo. Nimekwenda benki, wanasema mashine ile inanakili kadi na namba yake, na wao hawajatuma fundi mkoa huu tangu mwaka jana."

Mwajabu aliiangalia mashine. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Akaichomoa kwenye umeme. Haikuzima, maana ilikuwa na betri, akaifunika kwa ndoo.

Akavuta boksi la glovu. Kadi za watu wa Mbuchi hazikuwa na kitu ndani kwa sasa. Ndiyo maana zilikuwa kimya. Yule kijana hakuwa na haraka nazo, alikuwa anaisubiri Ijumaa kama watu wengine wote wa Kibiti.

Na lilikuwepo jambo baya zaidi, ambalo Mwajabu alilijua peke yake. Kadi zote thelathini na moja zilikuwa na namba moja ya siri. Mkwewe, Bi Mwanahalima, mama yake Huseni, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, namba za mashine hazioni. Siku watu wa benki walipokuja ghala la ushirika kugawa kadi, Mwajabu alimshika kidole akamfundisha njia: mbili, tano, nane, sufuri, anashuka mstari wa katikati moja kwa moja bila kuona. Bibi alifurahi mpaka akapiga kigelegele. Wenzake nyuma kwenye foleni, waliokuwa wanahangaika kufikiria namba, wakasema basi na sie tupe hiyohiyo ya Mwanahalima. Wakapewa. Ilionekana ni huruma wakati ule, na hakuna aliyewakataza.

*

Benki kulikuwa na foleni ya watu waliokuja kuulizia ufuta. Mwajabu alisubiri saa nzima, boksi la glovu amelifunika kwa mtandio. Alipoitwa alikuta kijana wa dirishani anaitwa Badru, jina lake liko kifuani, tai imemkaba.

Alimweleza kwa sauti ya chini. Badru alimsikiliza, kisha akauliza kwa sauti ambayo hata mlinzi aliisikia: "Kadi za watu thelathini na moja, wewe unazo za nini?"

Foleni ikageuka.

"Nawatunzia. Mimi nina duka la dawa."

"Na namba zao za siri unazijua?"

"Nazijua."

"Za wote?"

"Ni moja, mwanangu. Wote wana namba moja."

Nyuma yake mtu alicheka, mwingine akasema astaghfirullah. Badru aliweka kalamu chini. Akamtazama kama mtu anayetazama kidonda cha mwenzake, kwa huruma na kinyaa pamoja. Alinyoosha mkono chini ya kioo.

"Lete hizo kadi."

Mwajabu alifurahi, akadhani ndio zinafungwa. Badru alizihesabu, akazifunga mpira, akazitia kwenye droo, akageuza ufunguo.

"Kadi ya mtu mwingine huruhusiwi kukaa nayo. Hizi zinabaki hapa, mwenyewe aje kuchukua na kitambulisho chake."

"Sawa. Na zifungwe, hela isitoke."

"Kufunga ni ombi la mwenye kadi." Alimpa bunda la fomu. "Kila mmoja asaini au aweke dole gumba. Wakija wenyewe sawa, ukileta fomu sawa. Mfumo hautaki maneno yangu wala yako."

"Wako Mbuchi! Boti ni mpaka maji yajae. Hela inaingia keshokutwa!"

"Saa sita mchana," Badru alisema, na hapo sauti yake ikalegea kidogo. "Kimbia, mama. Ukiniletea Ijumaa asubuhi, nakufungia zote mwenyewe. Anayefuata!"

Mwajabu alitoka na boksi tupu. Alipita polisi akaandikisha taarifa, akapewa karatasi yenye namba, akaikunja kwenye mtandio.

*

Huseni alikuja kula mchana, akakuta jiko halijawashwa. Alisikiliza habari yote amesimama, kofia mkononi.

"Umewapa kadi?"

"Wamezichukua."

"Mama Zawadi!" Alikaa juu ya ndoo ya maji kama aliyekatwa miguu. "Kadi ulikuwa nazo. Namba unayo. Ungekwenda pale kwenye mashine ya nje, ukabadilisha namba moja moja mpaka zikaisha. Nani angejua? Mwizi angekuta mlango umefungwa, na wazee wangekunywa chai yao."

Hilo halikuwa limemjia Mwajabu kabisa. Alikuwa ameharakisha kwenda kusema ukweli, na ukweli ukampokonya kitu pekee alichokuwa nacho mkononi. Roho ilimuuma sana, ikamuuma zaidi kwa kuwa mumewe alikuwa sahihi.

"Sasa nisikilize," Huseni alisema. "Kaa kimya. Hela ikiibiwa, watasema benki imeibiwa. Benki inaibiwa kila siku. Lakini ukienda Mbuchi ukafungua mdomo, watasema Mwajabu. Na watasema Huseni, karani wa ushirika, aliyekuwa anajua siku hela inaingia. Nani ataamini hatukula pamoja na huyo fundi?"

"Na mama yako?"

"Mama yangu nitamlipa."

"Kwa hela gani? Kwa mshahara gani? Mwaka wa tatu huu anangojea kwenda Dar kupasuliwa macho. Laki tisa na arobaini, Baba Zawadi. Ulimpimia mwenyewe gunia zake."

Simu ya Mwajabu ikaita juu ya meza. Wote wawili wakaiangalia. Namba ilikuwa ya fundi, aliiacha Jumatatu kwa ajili ya matatizo yoyote.

Huseni alitikisa kichwa kwa nguvu. Mwajabu akapokea.

"Shikamoo dada," ile sauti laini ilisema. "Ridhiwani hapa. Nilikuwa naulizia tu, mashine haisumbui?"

Alitaka kumtukana, alitaka kumlilia, alitaka kumwambia kuna bibi haoni. "Haisumbui," akasikia sauti yake ikijibu.

"Alhamdulillahi. Naona kama ilichomoka kwenye umeme asubuhi."

"Umeme ulikatika."

"Aa, basi. Usiichomoe mpaka Ijumaa dada, tafadhali. Wasalimie nyumbani."

Akakata. Mwajabu aliweka simu chini taratibu. Hakuwa na shaka tena wala hakuhitaji ushauri wa mtu.

"Alfajiri nakwenda Nyamisati kupanda boti," alisema. "Ukitaka niachike, niache nikirudi."

*

Boti ilifika Mbuchi saa tatu, maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Nahodha alimwambia: tunaondoka saa tano kamili, yakipwa tumekwama hapa mpaka usiku, na usiku siendi.

Watu walimpokea kwa shangwe. Hawakuwahi kumwona dokta kijijini kwao. Mzee Mwinyimvua, mwenye sukari, ambaye Mwajabu alimnunulia insulini miaka minne, alimletea kiti na dafu. "Dokta kaja mwenyewe! Tandikeni mkeka!" Waliodhani kaleta dawa walikuja na chupa zao tupu, wakazipanga mbele yake.

Mwajabu alisimama mbele ya chupa zile akawaambia. Alianza na fundi, akaja kwenye mashine, akaja kwenye namba moja ya wote, akamalizia na kadi kufungiwa benki. Hakujitetea. Aliposema "nimekosa mimi," alirudia ili wa nyuma wasikie.

Mzee Mwinyimvua aliliangalia lile dafu mkononi mwa Mwajabu, kama anayejiuliza kama lirudishwe.

"Sie tulikupa wewe," alisema hatimaye. "Benki hatuijui. Fundi hatumjui."

"Najua, baba."

"Haya. Tufanyeje?"

Akatoa fomu. Hapo ndipo akagundua hakuja na wino. Alipekua mkoba, akakuta chupa ya GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni vya watoto. Akaimimina kwenye pamba. Wakaja mmoja mmoja, wakachovya gumba, wakagandamiza. Wengine waliomwita mwanangu miaka yote walichovya bila kumtazama. Mwanamke mmoja alichukua chupa yake tupu na kuondoka nayo kabla ya kuweka dole, akaitwa akarudi.

Saa nne na nusu fomu zilikuwa ishirini na saba. Watatu walikuwa dago, kwenye kambi ya wavuvi, wanavua kamba. Wa nne alikuwa Bi Mwanahalima.

"Yuko bonde la pili," Mzee Mwinyimvua alisema. "Kwenye dungu lake la kulindia shamba, anaamia ndege. Mpunga umeiva, hatoki pale."

"Haoni ndege, baba."

"Anawasikia. Ana debe lake."

"Mtumbwi unaweza kumfikia?"

Mzee alitazama kijito. Tope lilikuwa limeanza kuonekana pembeni, jeusi, na kaa wameanza kutoka. "Kwenda utafika. Kurudi hurudi leo."

Nahodha aliwasha mashine. Mwajabu alisimama ukingoni na fomu ishirini na saba kifuani. Upepo ulipovuma kutoka bondeni alisikia, au alidhani amesikia, debe linapigwa mbali. Mlio mmoja, kimya, mlio mmoja. Angekwenda kwa mkwewe, wale ishirini na saba wangeibiwa. Alipanda boti. Alikaa ameligeuzia bonde kisogo njia nzima, na alilia mpaka Nyamisati, abiria wengine wakijifanya wanaangalia mikoko.

*

Badru alitimiza ahadi. Ijumaa saa mbili na nusu alipokea fomu zenye madole ya zambarau, akazinusa, akauliza ni kitu gani, akaambiwa ni dawa. Mpaka saa tano na robo alikuwa amefunga kadi ishirini na saba. Nne alizitenga pembeni ya meza.

"Ya mama yake mume wangu hii. Nakuomba. Imo mkononi mwako, mwanangu."

"Imo mkononi mwangu na sina fomu yake," Badru alisema. Naye alionekana hajalala. "Wangenifukuza kazi, mama. Nimepewa kazi Machi."

Huseni alikuwa kwenye mizani, anapima ufuta wa mnada unaofuata. Mama yake hakuwa na simu, kwa hiyo ujumbe wa akaunti yake uliingia kwenye simu ya mwanawe. Saa sita na dakika nne simu ikatetemeka mfukoni: laki tisa na arobaini zimeingia. Alipiga benki. Laini ilikuwa inatumika. Alipiga tena. Saa sita na dakika tisa simu ikatetemeka, zimetoka laki nne. Wakulima walikuwa wamejipanga mbele yake, wanapongezana, wanasoma jumbe zao kwa sauti. Dakika ya kumi na moja, laki nne nyingine. Mkulima mmoja alimwambia, karani, mbona umesimama, pima. Dakika ya kumi na mbili, laki moja na thelathini na tano. Huseni akaitia simu mfukoni, akapima gunia, akasoma kilo kwa sauti, akakosea, akapima tena.

*

Ikapita wiki. Wale watatu wa dago nao walikuwa wamekombwa. Watu wa Mbuchi waliendelea kuja dukani, maana sukari haikujali nani kamkosea nani. Lakini walihesabu vidonge vyao mbele ya Mwajabu, kimoja kimoja, na waliohesabu wakapotea walianza upya. Mzee Mwinyimvua alitoa hela kwenye fundo la shuka akiwa amegeuka upande wa ukuta. Gumba lake lilikuwa bado na zambarau kwenye ukucha.

Bi Mwanahalima alifika Jumamosi, baada ya kuvuna, bodaboda ikamshusha mlangoni. Huseni alikuwepo. Alikuwa ameahidi kwenda Mbuchi kumweleza mwenyewe, wanakijiji wakamwachia yeye, na kila siku alipata sababu ya kutokwenda.

"Shikamoo Mama," walisema kwa pamoja.

"Marahaba wanangu. Nimesikia mlikwenda kupaka watu dawa, mie mkaniacha na ndege wangu." Alicheka, akapapasa kaunta mpaka akapata ukingo wake. "Haya, hela yangu imeingia? Nimeshaaga kwa majirani, safari hii nakwenda Dar."

Huseni aliangalia sakafu. Ikabidi mke aseme, akasema yote, bila kuruka, kama alivyosema Mbuchi.

Bibi alisikiliza akiwa ameinua uso, macho yake meupe yakielekea mlangoni penye mwanga.

"Yote?"

"Imebaki elfu tano, Mama."

"Na jicho?"

Nje lori lilipita, chupa za dawa zikagongana kabatini, zikatulia.

"Huyo kijana," bibi aliuliza, "ulipokuwa unabonyeza, alikuchungulia?"

"Hapana Mama. Aligeuza uso."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Bi Mwanahalima alitikisa kichwa polepole. "Basi kafunzwa adabu na mtu. Mama yake yuko mahali saa hizi, anamwombea dua."

Huseni alitoka nje. Walimsikia anapenga kamasi uani. Bibi alingoja kidogo, kisha akakunjua mkono wake wa kulia juu ya kaunta, gumba juu, ngumu, limepasuka kwa kazi ya mpunga.

"Nipake na mie, mwanangu. Wenzangu wote wana alama, mie peke yangu sina."

Mwajabu alifungua kinywa amwambie kwamba fomu zimekwisha kazi, kwamba hakuna tena cha kufunga. Akashindwa. Alichukua chupa ya GV, akalowesha pamba, akampaka gumba lote, taratibu, mpaka kwenye mikunjo. Bi Mwanahalima aliinua kidole kikiwa bado kibichi, akasubiri aonyeshwe pa kukiweka.